Kisigino cha Mjukuu

Wasomaji wangu, mmenitukana vya kutosha. Wiki nzima simu ya mhariri haikupumzika, na mama mmoja aliandika kwamba nisipoivua ile soksi leo, atahamia gazeti la wenzetu, lile lenye picha nyingi. Basi naivua.

Kwa aliyechelewa kuingia: tuko kwenye korido ya kliniki ya watoto, saa nne asubuhi, joto la kuyeyusha mshumaa. Kwenye benchi amekaa Mama Soksi, fundi cherehani, amempakata mwanawe wa wiki sita. Mbele yake ameinama mama mkwe wake, Bibi Mkaguzi, ambaye asubuhi alisema anabaki nyumbani, kumbe alikuwa hatua ishirini nyuma yao njia nzima. Vidole vyake viwili vimeshika soksi ya mjukuu.

Chini ya soksi moja kuna plasta. Sista amemchoma mtoto kisigino, amechukua matone ya damu, ameyatia kwenye mashine na kusema, "Subiri saa moja, mama. Usiende mbali." Mashine hiyo inatafuta virusi vya Ukimwi. Mama Soksi anavyo. Alijua mimba ikiwa na miezi minne, na tangu hapo anameza kidonge chake kila siku bila kuruka. Mtoto naye ana dawa ya maji ya kumkinga, aliyopewa siku aliyozaliwa.

Bibi hajui hata moja kati ya hayo. Dawa ya mtoto ilihamishiwa kwenye chupa kuukuu ya dawa ya gesi, na chupa ikafichwa kwenye boksi la vitambaa chini ya cherehani. Chupa yenyewe ina baraka, wiki sita sasa na bado haijaisha.

Kwa nini siri yote hiyo? Kwa sababu nyumba ni ya Bibi, na Bibi ana kauli yake. "Mama anayekubali kichanga kipimwe amejishuku mwenyewe," husema bombani, sokoni, hata msibani watu wakiwa wanalia. Kauli hiyo imetembea mtaa mzima. Wapo mabinti waliokimbia foleni ya kipimo na watoto mgongoni kwa kuogopa mdomo wa mwanamke mmoja.

Na mume je? Mume, Fundi Friji, yupo. Yupo hapa hapa kwenye korido. Aliitwa kutengeneza friji la chanjo, na aliposikia sauti ya mama yake mlangoni alijipenyeza nyuma ya friji lile na kutulia kimya. Mama Soksi alimwona. Bibi hakumwona. Sasa tuendelee.

"Vua hii," alisema Bibi.

"Mama, atapata baridi."

"Baridi! Watu tunatoka jasho mpaka kwenye nyusi, wewe unasema baridi? Nimeambiwa wanaopimwa wanachomwa kisigino. Leo nataka nione kisigino."

Mama Soksi alikohoa akitazama friji. Friji halikujibu.

Bibi akavuta. Soksi ikatoka. Kisigino kikajitokeza, laini, safi, hakina hata alama ya mbu.

Ilikuwa soksi ya kushoto. Sista alichoma mguu wa kulia.

"Si umeona, Mama?" alisema Mama Soksi, na akashangaa kusikia sauti yake haitetemeki.

"Nimeona mmoja," alisema Bibi. "Mtoto ana miguu mingapi?"

Mkono ukaenda kulia. Mama Soksi akafumba macho. Hapo ndipo msusi wa saluni ya kona, aliyekaa mwisho wa benchi na mtoto wake, alipouliza, "Bibi, samahani, soksi hizo nzuri kweli. Nani kashona?"

Jamani, mpeni Bibi Mkaguzi nafasi ya kujisifu, atasahau hata moto uko jikoni. Alinyanyuka. Akajishika kiuno.

"Mke wa mwanangu! Vipande vya fulana tu hivyo, mashine yake ile, mikono yake ile. Hebu angalieni benchi lenu."

Benchi likajiangalia. Akina mama wengine watatu, watoto watatu, soksi jozi tatu, zote za mkono mmoja. Kipindi chote cha joto Mama Soksi alikuwa akiuza soksi nyingi za watoto wachanga kwenye lango la kliniki kuliko vipindi vya mvua, na hakuwahi kujiuliza kwa nini. Alidhani fasheni imeingia mjini.

"Nyumba yangu ni nyumba ya afya," Bibi aliendelea, maana alikuwa amepata hadhira. "Mimi mwenyewe gesi ilikuwa inanitesa, tumbo ngoma. Siku hizi, shwari! Wala sijakanyaga hospitali. Hawa wa kupimapima watoto wanawatafutia watu ugonjwa tu."

Yule msusi aliinamisha kichwa. Akavuta soksi ya mwanawe juu kidogo.

"Namba saba!" Sista aliita mlangoni.

Mama Soksi akasimama.

"Namba saba ya nini?" Bibi akauliza.

"Ya... ya uzito, Mama."

"Basi twende tukamwone mrithi wangu ana kilo ngapi."

"Mama na mtoto tu, Bibi," alisema Sista, mwanamke mfupi mwenye sauti ya mkuu wa gereza. Mlango ukafungwa mbele ya pua ya Bibi.

Lakini mlango ulikuwa wa plaiwudi. Na Bibi Mkaguzi hakupewa jina hilo bure. Alitazama kulia, akatazama kushoto, akaegemeza sikio.

Ndani, Sista alikuwa ameshika karatasi. Mama Soksi hakuitazama. Alitazama ukuta, penye picha ya mtoto mnene anayecheka, na akamchukia mtoto yule.

"Keti, mama."

"Nikiketi sitasimama tena. Niambie tu, Sista. Usinizungushe."

Alikuwa hajalala vizuri tangu mimba. Kila alipomnyonyesha mwanawe alimwomba radhi kimoyomoyo. Mara mbili alishafika kwenye foleni hii na mara mbili akageuka, kwa sababu asiyepima hana la kuambiwa, na yeye aliogopa kuambiwa. Leo alikuja kwa sababu moja tu: aliota mtoto anamuuliza kwa nini hakutaka kujua.

"Mtoto wako ni hasi," alisema Sista.

Mama Soksi alilia. Alilia kwa sauti, mdomo wazi, kama mtu aliyefiwa, na Sista akamshika mabega na kurudia polepole, "Hasi, mama. Hasi. Kwa leo ni hasi. Kidonge chako usikiache, na tutampima tena akiwa na miezi tisa, na tena ukishamwachisha kunyonya. Lakini leo, hasi."

Sasa rudini nami nje ya plaiwudi.

Bibi alisikia neno moja tu, tena mara tano. Baba yake alifuga mbuzi. Mara mbili kwa mwaka alikuja mtu mwenye koleo mfukoni, na siku hiyo mabeberu waliingia zizini wakiwa madume na kutoka wakiwa wamehasiwa. Bibi alilijua neno hilo tangu hajaota meno ya pili. Na sasa muuguzi amesema hasi, na mama wa mtoto ameangua kilio.

"WAMEMHASI!"

Korido nzima ikaruka.

"Wamemhasi mjukuu wangu! Wamemaliza ukoo! Nilisema msiwaamini hawa!"

Plaiwudi haikufua dafu. Bibi aliingia na mlango, akamnyakua mtoto mikononi mwa mama yake, akamlaza kwenye mizani na kuanza kufungua nepi kwa kasi ya mtu anayezima moto. Akina mama wa benchi walikuwa wameshajaa mlangoni.

"Ziko wapi? Ziko wapi?"

"Bibi! Bibi, tulia!" Sista alipiga kelele.

Nepi ikafunguka. Bibi akainama, akakagua, na kwa kuwa macho yake hayaoni vizuri karibu, akainama zaidi. Mrithi wa ukoo, aliyekuwa amechoshwa na asubuhi hii, alijibu mwenyewe. Alikojoa. Mkojo ulikwenda juu, ukageuka, na ukampata Bibi katikati ya paji la uso.

"Zipo," alisema Bibi kwa unyonge, maji yakimtiririka. "Zipo zote mbili."

Watu walicheka mpaka msusi akalazimika kushika fremu ya mlango. Hata Mama Soksi alicheka, machozi ya kwanza yakiwa hayajakauka. Mtoto naye alifurahi, akatupa mateke hewani, moja, mbili, na teke la tatu likaondoka na soksi ya kulia.

Plasta ilikuwa nyeupe. Ilionekana kutoka mlangoni.

Kicheko kikakatika.

Bibi alijifuta uso. Alikishika kile kisigino kidogo, akakigeuza kwenye mwanga wa dirisha, taratibu, kama anayekagua noti.

"Kumbe umempima."

Akamgeukia Sista.

"Na hasi maana yake nini?"

"Maana yake hana virusi, Bibi," alisema Sista.

"Virusi gani?"

Sista alimkabidhi mama karatasi yake. "Habari za mteja wangu sizisemi mimi. Ila siku hizi, Bibi, tunapima watoto wengi sana. Ni kawaida."

Uongo ulikuwa umeandaliwa na kuwekwa mezani, wasomaji wangu. Mama Soksi alikuwa na kazi moja tu, kuuchukua. Aseme ndiyo, ni kawaida, wanapima kila mtu, na arudi nyumbani kushona. Alitazama lile friji kwenye korido, akiomba angalau likohoe. Halikukohoa. Alitazama karatasi yake yenye neno zuri kuliko yote aliyowahi kusomewa, na akaona hawezi kuifunika karatasi hiyo kwa uongo. Alikuwa amechoka. Miezi yote hii amechoka.

"Virusi vya Ukimwi, Mama," alisema. "Amepimwa kwa sababu mimi ninavyo."

Bibi Mkaguzi alikiachia kile kisigino. Kisha akasema polepole, na ilikuwa mbaya zaidi kuliko angepiga kelele.

"Ukifika nyumbani, kusanya nguo zako. Mtoto anabaki."

"Mtoto ananyonya, Mama."

"Atakunywa maziwa ya kopo."

"Mama, nipige, nitukane. Usinitenganishe naye."

"Nguo zako, nimesema. Leo hii kuna mtu anakusanya nguo katika nyumba yangu, na mnanijua, neno langu silirudishi."

Mama Soksi alimchukua mwanawe kutoka kwenye mizani na kumfunika kifuani. Hakulia. Machozi yote alishayalia kwa furaha, hayakubaki ya huzuni.

Hapo msusi akapita katikati ya watu. Akamweka mwanawe juu ya meza ya Sista, akamvua soksi ya kulia. Plasta.

"Mimi nilimpima jana, Bibi, nikakimbia bila kungoja majibu," alisema. "Leo ilikuwa nipite dirishani nichukue majibu kama mwizi, kwa sababu yako. Soksi nilinunua nikufiche wewe."

Mama wa pili, mwembamba, muuza mitumba, hakusema neno. Alivua tu. Plasta.

Wote wakamgeukia wa tatu, msichana mmoja wa miaka kama kumi na tisa, mama wa mara ya kwanza. Naye akavua haraka haraka. Kisigino kilikuwa kitupu.

"Mimi nilidhani ni fasheni," alisema, uso umemwiva. Halafu akawatazama wenzake. "Mimi nilimwambia Sista mwanangu hapimwi. Nilisikia ni kujishuku. Sista, kwani foleni yake iko wapi? Naweza kupanga sasa hivi?"

"Panga hapo hapo uliposimama," alisema Sista, na akaanza kutafuta kalamu kabla binti hajabadili mawazo.

Bibi aliviangalia visigino vile, kimoja kimoja. Aliangalia na sakafu, aibu ikitafuta pa kutulia. Na macho yake yalipotembea sakafuni yakavuka mlango, yakafika korido, yakagonga kwenye friji la chanjo.

Chini ya friji palikuwa na kisigino kingine.

Kilikuwa kikubwa, kimepasuka, na kina kovu refu kama reli. Vidole vya mguu ule vilikuwa vimejikunja kwa hofu.

Bibi alikwenda mpaka pale. Akainama.

"Kovu hili," alisema, "nilikuwapo likishonwa. Chupa ilimchana akiwa na miaka saba, nikambeba mgongoni mpaka hospitali damu ikinichuruzika. Toka."

Friji likasogea. Akatoka Fundi Friji, bisibisi mkononi, tandabui kichwani, umri wake wa miaka thelathini umepungua hadi saba.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Uko huko tangu lini?"

"Kuna... kuna waya ulikuwa umelegea."

"Umesikia?"

"Nimesikia, Mama."

Mama Soksi alikuja akasimama mlangoni na mtoto wake. Sasa lazima niwaambie jambo ambalo hata yeye alilibeba kimya sura zote tisa zilizopita. Miezi sita mume huyu alikuwa akimwahidi, "Nitamwambia Mama Jumapili." Jumapili ya kwanza Mama alikuwa na wageni. Jumapili ya pili Mama alikuwa na hasira. Ya tatu Mama alikuwa na furaha, na nani anaharibu furaha ya mzazi? Jumapili zilipita zote namna hiyo.

"Baba," alimwita mumewe kama mtoto wao atakavyomwita, bila ukali. "Leo siku gani?"

Fundi Friji alimtazama mkewe. Alimtazama mwanawe, mguu mmoja nje, plasta inang'aa. Akaweka bisibisi chini.

"Leo Jumapili, Mama," alimwambia mama yake.

"Leo Jumatano! Umerogwa na friji?"

"Kwangu ni Jumapili. Nisikilize kabla sijaogopa tena. Virusi nilivileta mimi. Nilikuwa nimeshapima kabla sijamwoa, na nilijua. Sikumwambia. Aliambiwa na Sista, kliniki ya mimba, peke yake. Aliporudi nyumbani nililia, akanibembeleza yeye."

Na mimi mwandishi, nikiwa hapa na kalamu yangu, nilitamani kumchapa. Mtu kaona mkewe anafukuzwa, ametulia anahesabu nyaya! Lakini amesema, na tuandike kwamba amesema.

Bibi alitikisa kichwa mara tatu. Hasira aliyokuwa nayo ilikuwa imebaki mikononi bila mtu wa kuitupia.

"Nilisema leo kuna mtu anakusanya nguo," alitamka hatimaye.

"Ulisema, Mama."

"Na neno langu silirudishi."

"Tunajua, Mama."

"Basi nenda kakusanye."

Fundi Friji alijionyesha kwa kidole. "Zangu?"

"Za nani, za friji? Utalala karakana kwako mpaka nitakapoweza kukutazama usoni. Mkwe wangu na mjukuu wangu wanabaki kwangu."

Msusi alipiga kigelegele kimoja, akajiziba mdomo.

Mama Soksi aliketi kwenye benchi. Bibi akaja akaketi kando yake. Hakuomba radhi, Bibi Mkaguzi hana neno hilo, ni kama hakufundishwa. Alimpokea mtoto tu, akaokota soksi, akaikung'uta vumbi na kuanza kumvisha, ya kushoto mguu wa kulia.

"Hiyo hasi," aliuliza chini chini, "mliipataje? Na wewe mama yake unavyo?"

"Kidonge changu, Mama, kila siku. Na yeye dawa yake ya maji, tangu alipozaliwa, asubuhi na mapema kabla hujaamka."

"Dawa gani ya maji? Mimi nakagua nyumba nzima, sijaiona."

"Nilikuficha, Mama. Niliitia kwenye chupa ya dawa ya gesi. Iko kwenye boksi la vitambaa, chini ya cherehani."

Mkono wa Bibi ukasimama na soksi hewani. Ukashuka, polepole, ukatulia juu ya tumbo lake mwenyewe. Tumbo ambalo siku hizi ni shwari.

"Ile chupa ya kahawia?" aliuliza. "Yenye kizibo cheupe?"

"Hiyo hiyo."

"Mwanangu," alisema Bibi, na kwa mara ya kwanza tangu hadithi hii ianze sauti yake ilikuwa ya mwanamke mzee, "ile chupa naijua. Nilikuwa naamka kabla yako. Nakunywa kijiko, viwili, gesi inatulia. Na ili usijue, nikawa naijazia maji."

Mama Soksi aligeuka taratibu. Alikumbuka dawa ilivyokuwa ikizidi kuwa nyepesi kila asubuhi, na jinsi alivyoshukuru kwamba haiishi.

Sista aliiacha ile kalamu aliyokuwa ameipata kwa shida. Akaja mbele ya benchi, akaichukua karatasi ya majibu mapajani mwa mama, akaisoma tena kama vile imeandikwa upya.

"Bibi," aliuliza, "tangu wiki gani?"

Bibi Mkaguzi alifungua kiganja na kuanza kuhesabu wiki kwa vidole, kimoja kimoja. Mkono mmoja haukutosha.